Kuisoma Historia ya Dar es Salaam kwa Miguu: Jibu kwa Msomaji wa Tabata

Msomaji mmoja anayeishi Tabata ameleta swali ambalo nimekuwa nikilisikia kwa namna mbalimbali. Amekwisha kuwapeleka watoto wake wawili wa sekondari Bagamoyo na Mji Mkongwe wa Unguja, na sasa watoto wanamuuliza kwa nini jiji lao wenyewe halina historia, maana kila wakienda mjini wanachokiona ni maghorofa ya vioo na foleni ya magari. Anataka kujua kama yamebaki majengo ya zamani yanayostahili kutembelewa, kwa nini mengine yanatoweka, aanzie wapi, kama wataruhusiwa kuingia na kupiga picha, na kama siku moja inatosha.

Ndugu msomaji, majengo yamebaki, na siku moja inatosha kwa mtu mwenye viatu vizuri na chupa ya maji. Hata hivyo, naomba usiitembee Dar es Salaam kama ulivyoutembea Mji Mkongwe. Unguja mtaa mzima ni wa kale, kwa hiyo hata ukipotea njia bado umo ndani ya historia. Dar es Salaam majengo ya kale yamesimama mojamoja, mengine yamebanwa katikati ya minara ya vioo, na mtu anayeyatafuta kwa kupendeza kwake tu atarudi nyumbani amechoka na bila maelezo ya kuwapa watoto. Ushauri wangu ni kwamba mtembee mkifuata mipaka. Mji huu uligawanywa mapema sana katika sehemu tatu ambazo wazee bado wanaziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mtu anayeanzia bandarini akaishia Kariakoo huzivuka zote tatu katika mwendo wa kilomita nne au tano hivi. Majengo ni ushahidi wa mgawanyo huo, na mkishaujua, hata uwanja mtupu utakuwa na jambo la kuwaambia.

Pandeni Mwendokasi mshuke Posta ya Zamani, kisha mrudi kwa miguu kwenye barabara ya Sokoine mpaka Boma la Kale, ambalo wengi hulijua kwa jina la Old Boma, linalotazamana na bandari. Nawashauri mkae hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Jengo hili lilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, ambaye alikuwa ameamua kujenga mji mpya kando ya kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870, ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuwa na hamu na mradi huo, na mji ukakaa karibu miaka 20 ukiwa na majengo machache tu ya mawe na vichaka vilivyoanza kuota kati yake. Kwa hiyo Boma hili ni sehemu ya mji ambao ulikaribia kutokuwapo kabisa, jambo ambalo watoto wa sekondari, waliozoea kusoma historia ya mambo yaliyofanikiwa, huwa hawalitarajii.

Mkiwa hapo, msiishie kulitazama kwa mbali. Sogeeni ukutani mtafute mahali ambapo lipu imebanduka au imeachwa wazi makusudi, mtaona kwamba kuta nene zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yasiyo na umbo maalumu, yakiwa yameshikizwa kwa chokaa. Ukitazama kwa makini jiwe moja moja utaona vitundu na alama za viumbe wa baharini waliolijenga. Kisha ingieni ndani na mtazame juu. Dari za namna hii zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti nzuri iliyonyooka haizidi sana mita tatu, fundi hakuwa na uhuru wa kufanya chumba kipana kuliko mti wake. Ndiyo sababu vyumba vya majengo ya mawe ya pwani nzima, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, ni vyembamba na virefu. Mwambie kijana apige hatua kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, atalithibitisha mwenyewe. Mlango wa kuchonga nao utazameni, kwa sababu una kinga yake ya kisheria ambayo nitaieleza baadaye.

Tangu mwaka 2017 Boma lina kituo cha urithi wa usanifu majengo cha Dar es Salaam, kinachojulikana kwa kifupi kama DARCH, chenye maonyesho ya ramani na picha za mji katika vipindi mbalimbali. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuanzia hapa, kwani mtoto aliyeiona ramani ya mji wa zamani asubuhi ataitambua mitaa yake mchana. Ulizeni pia habari za matembezi yanayoongozwa, kwa sababu kituo hicho kimekuwa kikiyaandaa.

Si mbali na hapo, kwenye barabara hiyo hiyo, ipo Atiman House, nyumba nyingine iliyobaki kutoka enzi za Majid, ambayo baadaye ilinunuliwa na mapadri wa White Fathers. Watu wengi hupita mbele yake bila kujua Atiman alikuwa nani. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, kisha akawatibu watu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mpaka alipofariki mwaka 1956. Kwa maoni yangu maisha yake yanastahili kujulikana zaidi kuliko ya magavana wengi ambao mitaa ya mji huu iliitwa kwa majina yao.

Ukielekea upande wa mashariki utayapita makanisa mawili ya wakati wa Wajerumani, la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, na la Kilutheri la Azania Front, lenye vigae vyekundu, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1898. Yote mawili ni mazuri na yote ni nyumba za ibada zinazotumika kila siku, kwa hiyo ingieni kwa adabu nje ya saa za misa na ibada. Mimi huwa sikai sana hapo, kwa sababu uzuri wake unajieleza. Jambo la kuzingatia ni ukaribu wa miaka. Wajerumani walihamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na katika muda wa miaka 10 hivi wakawa wamejenga makanisa haya, ofisi za serikali mbele ya bahari, hospitali ya Ocean Road ya mwaka 1897, na bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1893 na Franz Stuhlmann kwa ajili ya kujaribu mazao ya biashara. Mwaka huo huo wa 1891 walitoa kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa kigezo cha aina ya nyumba: upande huu nyumba za mtindo wa Ulaya, upande ule za mawe, na kule zaidi za miti na makuti. Kwa maandishi ulikuwa mgawanyo wa vifaa vya ujenzi. Kwa vitendo ukawa mgawanyo wa watu, na Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliuendeleza na kuukaza.

Basi mkiifuata Kivukoni Front mpaka Magogoni, mtakuwa ndani ya Uzunguni. Angalieni nafasi iliyoachwa kati ya jengo na jengo, miti mikubwa, na varanda pana zilizotengenezwa ili upepo wa bahari upite. Ikulu mtaitazama kwa nje tu na wala msiinue simu kuipiga picha. Jumba la gavana wa Kijerumani lililokuwa hapo lilipigwa mizinga na meli za Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na hili la sasa lilijengwa mwaka 1922 kwa michoro ya John Sinclair, msanifu yule yule ambaye kazi zake mliziona Unguja. Watoto wenye jicho zuri wataona kufanana kwa matao yake. Hospitali ya Ocean Road, ambako Robert Koch alifanya utafiti wa malaria, sasa ni taasisi ya saratani yenye wagonjwa mahututi, kwa hiyo nawaomba minara yake miwili muitazame mkiwa barabarani, msiingie kutalii.

Kutoka hapo pandeni mtaa wa Shaaban Robert. Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa mwaka 1940 yapo upande mmoja, na ndani yake kuna habari za fuvu la Zinjanthropus aliloligundua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, pamoja na magari ya kale ya viongozi ambayo, nakuhakikishia, ndiyo watoto watakayoyakumbuka. Nendeni na vitambulisho, maana kiingilio cha raia na cha wanafunzi ni tofauti na cha wageni. Jirani yake ni bustani ya mimea, na jirani yake tena ni Ukumbi wa Karimjee, ambao kizazi cha sasa kinaujua kwa shughuli za kuaga miili ya viongozi, lakini ambao ndio Bunge lilikokuwa likikutana katika miaka ya mwanzo ya uhuru.

Sasa rudini katikati ya mji kwa barabara ya Samora. Iliwahi kuitwa Acacia Avenue, kisha Independence Avenue, na ni vizuri kuwa na majina haya ya zamani kichwani, kwa sababu picha, stakabadhi na ramani za familia nyingi zinayatumia. Uhuru Street ya leo ilikuwa Kichwele Street, na Lumumba ilikuwa New Street. Asiyejua hivyo anaweza kumsikiliza bibi yake akisimulia habari za Kichwele na asitambue kwamba ni njia anayopita kila siku.

Mtafika kwenye Sanamu ya Askari. Kila mtu amewahi kukutana na mwenzake hapo, lakini ni wachache waliosoma maandishi yake. Ilizinduliwa mwaka 1927, askari akiwa ameelekeza singe yake bandarini, na chini yake kuna maneno kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu ya kuwakumbuka askari Waafrika waliopigana katika Vita Kuu, na pia wapagazi, wanaoelezwa kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno hayo yanaahidi kwamba anayeifia nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Zungukeni sanamu yote mtafute jina la mtu hata mmoja aliyekufa. Hakuna. Mwachie kijana wako wa kidato aliwaze jambo hilo, kisha mwambieni kwamba kambi ya wapagazi hao hao ndiyo iliyoupa mtaa wa Kariakoo jina lake, na kwamba ndiko mnakokwenda.

Kati ya Askari na Kariakoo mtaipita Uhindini: mitaa ya Jamhuri, Indira Gandhi, Zanaki, India na Kisutu. Hapa ndipo mnapohitaji kuinua macho, kwa sababu chini ni mabango ya maduka na juu ndiko kuliko na historia. Ghorofa ya kwanza na ya pili za majengo yaliyobaki zina vibaraza vya zege vyenye nakshi, na juu kabisa, kwenye kilele cha ukuta wa mbele, mara nyingi pameandikwa mwaka wa ujenzi au jina la mwenye nyumba. Wape watoto kazi ya kuisaka miaka hiyo na kuiandika; wataona wenyewe kwamba mingi inaangukia kati ya vita kuu mbili, mfanyabiashara akiishi juu na kuuza chini.

Ulitaka kujua kwa nini majengo yanatoweka, na jibu kubwa liko katika mitaa hii. Mwaka 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na nyumba nyingi za Uhindini zikaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, kisha, mwaka 1990, Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa muda mrefu kodi zilikuwa ndogo na fedha za kujenga upya hazikuwapo, kwa hiyo nyumba zilichakaa lakini zikabaki zimesimama. Uchumi ulipofunguliwa na kiwanja cha katikati ya mji kikawa mali ya thamani kubwa, ubia na wawekezaji ukawezekana, na nyumba ya ghorofa mbili haikuweza kushindana na mnara wa ghorofa 15. Mimi si miongoni mwa wanaosema kila jengo kuukuu libaki, kwa sababu watu wanahitaji makazi na ofisi. Ila naona tulibomoa haraka kuliko tulivyopiga picha.

Sheria nayo haikusaidia sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na yaliyojengwa baadaye hulindwa tu kama waziri ametangaza hivyo rasmi. Piga hesabu: Boma la Kale, ambalo ni kati ya majengo makongwe kabisa ya mjini, lilianza kujengwa mwaka 1866, yaani limekosa kinga hiyo kwa miaka mitatu tu, na mji mzima uliobaki haulizidi Boma kwa umri. Ajabu ni kwamba sheria hiyo inailinda milango ya mbao ya kuchongwa iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1940, hata pale ambapo nyumba yenyewe haina kinga yoyote. Kwa hiyo mkiona mlango wa namna hiyo kwenye nyumba inayosubiri kubomolewa, fahamuni kwamba haufai kung'olewa na kuuzwa kama mbao nyingine.

Mwisho wa Samora mtaukuta Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji, na ng'ambo yake kinaanza kiwanja cha Mnazi Mmoja. Simameni. Hapa hapana jengo la kutazama, na ndiyo maana watembezaji wengi hupapita, lakini kwangu hili ndilo eneo linaloeleza mji huu kuliko yote. Utawala wa Waingereza uliacha ukanda huu wazi kati ya Uhindini na Kariakoo kwa kisingizio cha afya, ili magonjwa yanayodhaniwa kutoka kwa Waafrika yasivuke. Waafrika walikuja kuutumia uwanja huo huo kwa mikutano, na leo ndipo ulipo Mnara wa Mashujaa. Pembeni upo ukumbi wa Anatoglo, uliojengwa kwa msaada wa tajiri Mgiriki George Arnautoglu kuwa kituo cha jamii cha Waafrika, na hatua chache kutoka hapo, mtaa wa Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Chama cha uhuru kilizaliwa kwenye ukingo wenyewe wa ule mpaka.

Kariakoo hamtakaa sana, maana mtakuwa mmechoka na msongamano ni mkubwa. Angalieni mambo mawili. La kwanza ni soko lenyewe, kazi ya Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa mwanzo Watanzania, lililokamilika katikati ya miaka ya 1970, lenye paa la zege linalobebwa na nguzo zilizopanuka juu ili kuyakinga maji ya mvua. Liliungua Julai 2021 na likafanyiwa ukarabati mkubwa. La pili ni nyumba ya Kiswahili, ikiwa mtabahatika kuikuta iliyosalia: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani kwenye jiko na choo. Mtaa mzima ulikuwa wa nyumba hizi, zilizopangishwa chumba kimoja kimoja, na ndizo zilizowapokea watu wa bara waliokuja kutafuta kazi. Hakuna aliyezihesabu kuwa urithi kwa sababu hazikujengwa na sultani wala gavana. Kama Kariakoo mtazikosa, Ilala na Magomeni bado zipo, na huko Magomeni nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere baada ya kuacha ualimu Pugu mwaka 1955 imehifadhiwa kama makumbusho.

Kuhusu picha, kanuni ni nyepesi: msipige Ikulu, bandari, reli, vituo vya polisi, majengo ya jeshi na ofisi za serikali. Makanisani na misikitini ombeni ruhusa, na katika nyumba za watu salimieni kwanza, mjieleze mmetoka wapi na mnatafuta nini. Mara nyingi salamu hiyo ndiyo itakayowafungulia uani, na mzee aliyeketi barazani atawapa majina ambayo kitabu hakina. Jumamosi inafaa kwa Boma na makumbusho. Jumapili asubuhi inafaa kwa Uhindini, kwa sababu maduka yamefungwa na magari ni machache, na kuta za mbele zinaonekana vizuri. Ikiwezekana, gaweni safari katika siku hizo mbili.

Watoto wakivutiwa, kuna hatua mbili za kuendelea. Chuo Kikuu cha Frankfurt kimeweka mtandaoni hazina ya picha za makoloni ya Kijerumani, zikiwamo nyingi za Dar es Salaam. Chagueni chache za Kivukoni na Samora, mzichapishe, kisha mrudi mjini mjaribu kusimama alipokuwa amesimama mpiga picha. Na siku nyingine nendeni Kunduchi, ambako kuna magofu ya msikiti wa karne kadhaa zilizopita na makaburi yenye nguzo, baadhi yakiwa yamepambwa kwa vyombo vya kauri vya China vilivyopachikwa ukutani. Huko mtakuwa mmeitangulia miaka ya Majid kwa mbali, na eneo hilo, tofauti na Boma, liko upande salama wa ule mwaka 1863. Ni eneo la hifadhi, kwa hiyo mripoti kwa mhifadhi kabla ya kuingia, na mwende na mwenyeji anayeijua njia.